Mafuta Kwanza, Rangi Baadaye: Historia ya Kupaka Uso Meru na Embu

Apakaye rangi ya kope leo, awe Meru mjini au Embu, hukutana na matatizo mawili. Rangi hukaa kwa mabaka badala ya kuenea sawasawa, na kabla ya saa sita mchana imekwisha kujikusanya kwenye mkunjo wa kope. Ushauri anaopewa ni ule ule kila mahali: atangulize praima, yaani kipakwa cha kuandaa ngozi, achukue rangi kidogo kidogo, aibonyeze kwa kidole badala ya kuisugua. Huambiwa hayo kana kwamba ni elimu mpya iliyoletwa na vikopo vya dukani. Nasema si mpya. Jamii za miteremko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya, yaani Waigembe, Watigania, Waimenti, Watharaka, Wachuka, Waembu na Wambeere, zilikuwa na utaalamu wa kuifanya rangi ishike ngozi, na kiini cha utaalamu huo kilikuwa mafuta. Katika karne ya 20 rangi haikutoweka moja kwa moja, iliondoka, ikarudi. Kilichotoweka ni ujuzi wa kuiandalia ngozi na rangi kitu cha kuziunganisha.

Tuanze na vitu vyenyewe. Rangi kuu ya vijana wa rika la vita ilikuwa ngeu, udongo mwekundu ambao wekundu wake hutokana na oksidi ya chuma, madini yale yale yanayotia wekundu na hudhurungi katika rangi za kope za leo. Ngeu ilisagwa, kisha ikachanganywa na mafuta ya kondoo au ya mbarika. Mafuta ya mbarika yalitaka kazi: mbegu hukaangwa, hutwangwa, huchemshwa kwa maji, na mafuta yanayoelea huenguliwa. Moto huo ulikuwa na faida ya pili, kwa kuwa mbegu za mbarika zina sumu kali inayoharibiwa na joto. Asidi moja, ya risinoleiki, huchukua karibu asilimia 90 ya asidi zote za mafuta hayo, na ndiyo inayoyafanya mazito na yenye kunata. Ndiyo maana viwanda vingi bado huyatia katika rangi za midomo. Vumbi kavu halina cha kushika juu ya ngozi. Likilowana mafuta, kila chembe hupata kinachoigandisha, na tabaka jembamba huenea bila kuacha mabaka.

Nyeupe ilifuata kanuni nyingine. Udongo mweupe, ira, ulikorogwa kwa maji, ukapakwa kwenye nyuso za waliotahiriwa na za wachezaji ngoma. Ulikauka upesi na kutoa mistari mikali inayoonekana kwa mbali, ila uso ukikunjwa mara nyingi ulipasuka na kubanduka. Kwa hiyo palikuwa na njia mbili kwa kazi mbili, mafuta kwa rangi inayotakiwa kudumu na maji kwa mchoro unaotakiwa kuonekana. Anayechagua hivyo anazijua tabia za vitu anavyovishika. Tena ujuzi wa namna hii una umri mrefu. Huko Olorgesailie, Kajiado, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata vipande vya madini ya rangi vya miaka ipatayo 300,000, na katika pango la Blombos, Afrika Kusini, magamba ya konokono wa bahari ya miaka 100,000 yalikutwa na ngeu iliyochanganywa na mafuta ya mifupa.

Utawala wa Waingereza ulifika Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Nyuma yake zikaja misheni: Kigari mwaka 1910, Kaaga mwaka 1912, Chogoria mwaka 1922. Athomi, wale waliokwenda kusoma, waliosha ngeu. Sababu ya dini ilikuwapo, lakini naona ile ya nguo haipewi uzito unaostahili. Vazi la ngozi ya mbuzi lililolainishwa kwa mafuta haliharibiwi na ngeu. Shati jeupe huharibika siku hiyo hiyo. Aliyevaa kitambaa hakuweza tena kuvaa rangi ya mafuta. Miaka ilipopita maduka yalirudisha vyote viwili, lakini mbalimbali: mafuta ya kujipaka yasiyo na rangi, na poda ya rangi iliyo kavu. Mtu akanunua hiki na kile bila mtu wa kumwonyesha jinsi vinavyokutana.

Zipo hoja za kunipinga. Ya kwanza ni kwamba ushahidi umeandikwa na wageni. G. Orde Browne, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1925 kitabu kuhusu jamii za upande huu na kuziita, katika jina la kitabu chenyewe, makabila yanayotoweka. Joy Adamson naye alipewa kazi na serikali ya kikoloni, kuanzia 1949, ya kuwachora watu wa Kenya katika mavazi yao ya jadi, na picha zake zikakusanywa katika kitabu cha 1967. Ni kweli walikuwa wakiaga kitu ambacho wenyeji hawakuwa wamekiaga. Hata hivyo Adamson alituhifadhia mahali rangi ilipopakwa na jinsi ilivyokaa, na wapiga ngoma wa Chuka wanaojichora nyuso kwa nyeupe wanathibitisha kwamba hakubuni. Kosa kubwa la kumbukumbu hizo ni kwamba brashi huchora rangi na haichori chungu cha mafuta. Hapo ndipo kazi kama ya H. S. K. Mwaniki, aliyewasikiliza wazee wa Embu na Mbeere na kuchapisha historia yao mwaka 1973, inapoonyesha njia iliyo bora.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Ngeu ilipakwa nywele, mwili na uso, si kope peke yake, na kope ni jambo lingine. Ngozi yake ni nyembamba kuliko zote mwilini, ina mafuta yake yenyewe, na hujikunja kila tunapopepesa. Ukiipaka mafuta mengi kama ya wale vijana wa rika la vita, rangi itateleza mpaka mkunjoni. Nakubali, lakini pingamizi hilo linahusu kipimo, haliigusi kanuni. Praima nyingi za leo hutumia silikoni, ambayo huacha utando mwembamba usioteleza kama mafuta ya kawaida, kwa kazi ile ile ya mbarika: kuipa chembe kavu kitu cha kushika. Wengine husema ngeu ilikuwa ya mila, haikuwa urembo. Mila ndiyo iliyodai ubora. Rangi ya ngoma ya kutwa nzima juani haikuruhusiwa kuchuruzika kabla ngoma haijaisha.

Sishauri mtu apake udongo wa mtoni karibu na jicho. Udongo ambao haujasafishwa unaweza kuleta maambukizi. Kope ioshwe na kukaushwa, ipakwe praima kiasi cha kichwa cha kiberiti, ikae kidogo, kisha rangi ibonyezwe kwa matabaka membamba. Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya urembo vya Meru na Embu, na kwa wenye bibi zao nyumbani: waulizeni wale waliowaona mama zao wakichemsha mbarika ilikaangwa kiasi gani, ngeu ilichimbwa wapi, kipimo kilikuwa kipi, na muyaandike majibu yao sasa, wangali wanayakumbuka.