KABLA HUJAMWITA MTU WA VYUMA CHAKAVU: Vile Vyuma vya Babu Vina Stori Nzito Kuliko Unavyodhani!

Arobaini imepita, ndugu wamekaa kikao, wamekubaliana nyumba ya babu isafishwe ipangishwe. Chini ya kitanda linatoka sanduku la bati lililoliwa na kutu. Ndani kuna sarafu nyeusi zenye tundu, vipande vya shaba vyenye taji, na pasi nzito yenye jogoo juu yake. Jamaa wa vyuma chakavu anapita na mizani, vyote vinapimwa kwa kilo, soda zinanunuliwa. Imeisha hiyo. Familia nyingi zimepoteza historia yao namna hii bila hata kujua.

Sasa twende kimoja kimoja, mdau.

Anza na kile cha shaba chenye taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Hiyo ni heller ya Mjerumani. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilibadilisha mfumo, rupia moja ikawa sawa na heller 100. Wazee wetu hawakuhangaika na matamshi ya Kijerumani, wakasema "hela". Mjerumani aliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita lakini ukiwa kitaa unasema "sina hela", unamtaja bila kujua. Na "pesa" nayo ilikuwa sarafu kweli, jina limetoka India, na kabla ya 1904 rupia moja ilikuwa na pesa 64.

Ukiona heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T ndogo, tulia kabisa. Hiyo T ni Tabora! Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, meli za Waingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziingii. Wajerumani wakachapa noti hapa hapa, ila watu wengi hawakuziamini. Karatasi ya mtu anayepigwa vita nani anaitaka? Ikabidi karakana ya reli Tabora igeuzwe kiwanda cha sarafu. Walitengeneza za shaba, na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilitoka takriban 16,000 tu. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, habari ikaishia hapo.

Vitabu vinawataja magavana na majenerali. Ila Waafrika waliotoa jasho kwenye ile karakana, na makuli na askari waliolipwa zile hela, wengi majina yao hayapo popote. Kilichobaki ni kile kipande cha shaba kwenye sanduku la babu. Ukikiuza kwa kilo, unauza ushahidi kwamba walikuwepo.

Za tundu je? Nyingi ni za Mwingereza, japo hata Mjerumani alitengeneza heller 5 na 10 zenye tundu. Baada ya vita ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na senti 1, 5 na 10 zikawa na tundu katikati. Sasa cheki senti 5 na 10 za mwaka 1936. Nyingine zina jina la EDWARDVS VIII. Huyu mfalme alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akaachia ngazi Desemba 1936 ili amuoe mwanamke aliyempenda. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kuingia mtaani. Huku kwetu, kwa kuwa sarafu ya tundu haihitaji sura ya mtu, zilishatoka! Ila usianze kuota gari, si adimu kiasi hicho.

Pwani na Zanzibar unaweza kukuta sarafu kubwa ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780. Huyo ni Maria Theresa wa Austria. Alifariki mwaka huo huo, lakini sarafu iliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye ikiwa na tarehe ile ile, maana wafanyabiashara walikataa nyingine. Kwa hiyo mwaka uliopo kwenye chuma usikudanganye. Nyingi ziliishia kwa masonara, zikawa vikuku na mikufu ya mabibi harusi.

Na pasi ya jogoo? Hakuna uchawi hapo. Ni pasi ya mkaa, jogoo ni kitasa cha kufungulia mfuniko.

Hapa ndipo matapeli wanapoingia. Atakuja mtu na suti, atasema rupia yako ina "nguvu", au cherehani ya bibi ina zebaki nyekundu, ila kwanza utoe hela ya vipimo. Kimbia! Mwaka 2009 uvumi huo huo ulizuka Saudi Arabia, cherehani kuukuu za Singer zikapanda bei ajabu, na zebaki haikuwemo. Mnunuzi wa kweli hakuombi hela, anakupa.

Ukikuta vitu hivi, usivisugue kwa mchanga wala steelwire, kwani wakusanyaji wanapenda sarafu ikiwa na weusi wake. Piga picha pande zote mbili, soma maandishi, vipeleke makumbusho wavione.

Na cha muhimu kuliko vyote, bibi kama bado yupo, mkalishe chini leo. Muulize hii aliipata nani, alilipwa kwa kazi gani, kwa nini hakuitumia. Andika. Jina la mfalme limeshachongwa kwenye chuma, halipotei. La babu yako lipo kichwani kwa bibi tu.

Kwenu kuna chuma gani hakijulikani? Kitaje hapo chini wadau wakichambue.