Jiří Trnka na Uso Usiobadilika
Jiří Trnka, Mcheki aliyezaliwa Plzeň mwaka 1912, alijifunza kazi ya vikaragosi kwa Josef Skupa, akapamba majukwaa ya Prague kabla ya kuingia katika sinema. Jukwaani ndiko, naona, alikoipata siri yake: nyuso za vikaragosi vyake hazikubadilika. Huzuni ilitokana na taa na namna kichwa kilivyoinamishwa, picha kwa picha, 24 katika kila sekunde.

Mwaka 1965 alitoa «Ruka» (kwa Kicheki ni mkono, wala si kuruka). Mkono mkubwa wamshurutisha mfinyanzi kuuchonga mfano wake. Afapo, wamzika kwa heshima na kumpigia saluti. Trnka alifariki mwaka 1969. Baadaye watawala wakaipiga marufuku sinema hiyo, karibu miaka 20.