Watoto wa Baba Mmoja

Ndugu msomaji, ukija Itiryo siku ya gulio, usianze maneno ya siasa wala ya mpira. Nenda kijiwe cha bodaboda, nunua karanga zako, keti kwenye kivuli, kisha uliza kwa sauti ya kawaida tu: "Hivi kati ya Boxer na TVS ipi ni imara?" Basi, umekwisha. Hutaondoka hapo mpaka jua lizame. Huyu atakwambia ya mwenzake ni jiko la mkaa lenye magurudumu. Yule atajibu kwamba ya huyu ikipakiwa magunia mawili huanza kukohoa kama mzee wa ugoro. Atatokea wa tatu mwenye pikipiki ya Kichina na kuwatukana wote wawili, halafu mzee mmoja aliyestaafu kazi ya serikali atatikisa kichwa na kusema, "Nyie vijana hamjaiona Honda." Na hapo ndipo makelele yataanza hasa.

Mwanzoni nami nilikuwa nikicheka. Siku hizi sicheki sana, kwa sababu ugomvi wa namna hiyo uliwahi kuingia nyumbani kwetu.

Mwaka 2012, nikiwa darasa la tano, kaka yangu aliuza ng'ombe watatu akanunua pikipiki. Sitataja jina lililoandikwa kwenye tangi lake, na utaona kwa nini. Rika lake mmoja, kijana waliyeingia naye jandoni siku moja, alikuwa amenunua ya jina jingine mwezi huohuo. Kwetu Wakurya kutahiriwa pamoja si jambo dogo. Mtu huyo ni zaidi ya rafiki, na huwezi kumkana maisha yako yote. Lakini hawa wawili walianza kwa utani wa kijiweni, wakaenda kwenye matusi, na jioni moja utani ukaishia kwenye spana. Rika akapoteza jino. Wazee walikaa, kaka akatozwa faini ya mbuzi. Nakumbuka mama akiuliza, si kwa hasira bali kwa mshangao mtupu: "Mmepigania nini? Shamba? Mwanamke?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Swali lile la mama sikuliacha. Nilipomaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda, nilianza kuuliza na kusoma: majina haya yaliyoandikwa kwenye matangi yametoka wapi hata yawatoe watu meno?

Kabla ya pikipiki kulikuwa na mashine za kusaga. Bibi yangu alikuwa akibeba mahindi kichwani akapita mashine mbili zilizokuwa jirani ili afike kwenye ya tatu. Ukimuuliza sababu, anasema, "Ile ni Lista." Kwake Lista lilikuwa jina la unga mzuri. Hakujua kwamba Lister ni kampuni ya mji wa Dursley, Uingereza, ambayo kuanzia mwaka 1929 iliunda injini ya dizeli nzito, ya taratibu, yenye mizunguko kama 650 tu kwa dakika. Ndiyo maana mlio wake unahesabika, tuku, tuku, tuku, mpaka mtu aliye bondeni anajua kama mashine inafanya kazi leo. Waingereza waliacha kuiunda mwaka 1987, lakini haikufa, kwa kuwa mafundi wa Rajkot nchini India walikuwa wamejifunza kuiiga, nao wakaendelea kuitoa na kuiuza duniani kwa majina mengine. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba "Lista" ya bibi ilikuwa ya Rajkot. Unga ulikuwa uleule, na bibi aliendelea kuzipita mashine mbili.

Sasa njoo kwenye pikipiki. Wazee wa kwetu wanazikumbuka za kwanza kwa watu waliozipanda: padri, bwana shamba, bwana mifugo, mganga wa zahanati, mtu wa mradi. Zilikuwa za Kijapani: Honda, Yamaha, Suzuki. Mwanakijiji wa kawaida hakuchagua jina. Alichagua kupisha njia. Hata hivyo ubishi ulikuwepo, maana mtoto aliyependa kumwona bwana mifugo alisifu Yamaha, na aliyelelewa karibu na misheni aliapa kwa Honda. Tulikuwa na upande kabla hatujawa na funguo.

Hao Wajapani wenyewe ni nani? Hapa ndipo nilipoanza kushangaa. Kampuni zote tatu chimbuko lake ni eneo moja, mji wa Hamamatsu. Suzuki alianza mwaka 1909 akitengeneza vitambo vya kufumia nguo. Yamaha mzee alitengeneza vinanda, na kampuni yake ya pikipiki ilizaliwa baadaye, mwaka 1955. Soichiro Honda, baada ya vita, mwaka 1946, aliokota injini ndogo zilizokuwa za jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli ili watu wapate usafiri. Majirani, basi. Na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, iliigwa kutoka pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125. Waingereza, Warusi na Wamarekani nao waliiiga hiyohiyo baada ya Ujerumani kushindwa vitani. Kumbe hata walimu wa walimu wetu walinakili madaftari ya wenzao.

Na majirani hao walipigana. Mwaka 1981 Yamaha ilijitangazia kwamba itaipita Honda na kuwa ya kwanza duniani, ikajenga kiwanda kikubwa kwa ajili hiyo. Honda ikajibu. Katika muda wa miezi 18 hivi ilitoa aina 113 za pikipiki, mpya au zilizobadilishwa, wakati Yamaha ilitoa 37. Maghala ya Yamaha yakajaa pikipiki zisizo na mnunuzi, na mwaka 1983 ikakiri kushindwa. Lakini angalia, msomaji: walipomaliza, walirudi kila mmoja kwenye biashara yake. Hakuna aliyetoka jino. Vita vyao vilikuwa vya hesabu za mauzo.

Katika historia hiyo yote, chombo kinachotuhusu zaidi sisi wa Itiryo ni kimoja: Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, na mwaka huohuo ikawa pikipiki ya kwanza kuundwa katika kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazil. Iliundwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Wahandisi walikuwa wamegundua kwamba katika nchi hizo mtu hupakia kupita kiasi, hukimbiza kwenye vumbi, na oili habadilishi mpaka pikipiki ilie. Basi wakaiondolea taimingi cheni, ambayo oili ikipuuzwa hulegea na kuleta balaa, wakaweka vijiti vya kusukuma vali. Injini ya kizamani kwa makusudi, yenye kuvumilia. Kwa maneno mengine, kule Japani kulikuwa na mtu aliyemfikiria kaka yangu kabla hajazaliwa, na alimfahamu vizuri.

Injini hiyo ndiyo Wachina waliyoishika. Kufikia mwaka 1993 China ilikuwa imeipita Japani kwa wingi wa pikipiki inazounda, na viwanda vingi vilitoa injini ya ukoo wa CG kila kimoja kwa jina lake. Honda ilipoona haiwezi kuwamaliza waigaji, mwaka 2001 iliungana na mmoja wao, Sundiro, wakaunda kampuni ya pamoja. Narudia: aliyeibiwa aliungana na aliyemwiba, wakafungua duka. Na sisi huku tunanyimana salamu!

Wahindi nao wana historia ya namna hiyo. Boxer ni ya kampuni ya Bajaj, na asili yake ni pikipiki ya Kawasaki ya Japani, kwa kuwa kampuni hizo zilishirikiana tangu miaka ya 1980. TVS ilikuwa na ubia na Suzuki tangu mwaka 1982 mpaka walipoachana mwaka 2001. Kuna na kichekesho hapa. Jina Bajaj, kwa Watanzania, limekuwa jina la chombo cha magurudumu matatu, hata kama kimeundwa na kampuni nyingine. Kwa hiyo utamsikia mwenye Boxer akisema kwa dharau, "Mimi siwezi kuendesha bajaji," na kumbe ameikalia.

Pikipiki za bei nafuu zilitufikia kwa wingi katika miaka ya 2000. Sisi wa mpakani tunatazama pande mbili. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki zisizofika cc 250, na barabara za upande ule zikajaa. Upande wetu mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na kubeba abiria kwa pikipiki kukawa kazi halali. SanLG, T-Better, Toyo, Fekon, Kinglion, majina yakawa mengi kuliko tulivyoweza kuyatamka. Kijana ambaye baba yake alipisha njia sasa alikuwa na funguo mfukoni.

Lakini funguo zile zilinunuliwa kwa nini? Kwa ng'ombe. Na kwetu ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni matibabu ya mzee, ni heshima ya kukaa na watu. Wale watatu wa kaka, wawili walikuwa wa mahari yake. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mama. Kaka hakuwa akitetea kiwanda cha mtu. Alikuwa akitetea ng'ombe watatu. Kukubali kwamba pikipiki ya mwenzake ni bora kungekuwa kukubali mbele ya kijiji kizima kwamba alikosea alipowatoa zizini.

Miezi minane baada ya kununua, injini ya kaka ilikufa. Sisemi jina kwa sababu kosa silijui ni la nani, na oili yenyewe alikuwa akiibadilisha kwa kubahatisha. Kilichoniuma ni hiki: mchana alikuwa akiisifu kijiweni kwamba "inapumzishwa kidogo", na usiku nilikuwa nikimsaidia kuisukuma kwa fundi ili watu wasione. Yule fundi, mtu mzima asiyependa maneno, aliifungua, akatoa silinda na pistoni vilivyoungua, akaenda nyuma ya kibanda akarudi na silinda nyingine iliyotumika. Akaziweka mbili hizo chini juu ya gunia, bega kwa bega.

"Tofautisha," akamwambia kaka.

Kaka akatazama. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Matundu yalekeana, vipimo vilekeana, hata mahali pa vijiti palikuwa palepale.

"Hii ya pili imetoka wapi?" kaka akauliza.

Fundi akataja pikipiki ya rika yake, aliyekuwa amebadilishiwa silinda wiki chache nyuma. Tena akaongeza, "Hizi ni watoto wa baba mmoja, mama tofauti tu."

Ndugu msomaji, anayetoka kwenye mji wa wake wengi anaujua msemo huo unavyochoma. Watoto wa nyumba tofauti hugombea malisho, hugombea sifa, kila nyumba ikisema yetu ndiyo bora, na usiku wanaota moto wa boma moja. Kaka hakusema kitu. Silinda ikafungwa, pikipiki ikawaka. Kesho yake alipeleka mtungi wa togwa kwa rika yake. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba jino halikurudi, ila salamu zilirudi.

Juzi nilimpitia fundi yule nikamuuliza swali la kijiweni: angekuwa na hela, angenunua ipi? Alifuta mikono kwenye kitambaa, akafikiri, akajibu, "Ile ambayo spea yake ipo Tarime mjini leo." Ukitafakari utaona historia yote niliyoieleza imo ndani ya jibu hilo. Lista ilidumu kwa sababu spea zake zilipatikana. CG imeenea kwa sababu kila fundi anaijua kwa kuipapasa gizani. Kampuni zinapigana, zinaungana, zinaachana, na hazina habari kwamba kuna kijana wa Itiryo amechora nembo yao kwenye matairi ya kuzuia matope.

Siwaambii vijana wenzangu waache ubishi. Kijiwe bila ubishi ni kituo cha mazishi. Kaka mwenyewe amekwishabadilisha pikipiki mara mbili tangu wakati ule, na kila jina jipya analitetea kwa moto uleule. Ila sasa chini ya kiti chake ana kikopo cha spea, na rika yake anajua kilipo. Ikikwama barabarani ya mmoja wao, hukifungua bila hata kupiga hodi.