Matema ni salama? Namna ya kusoma takwimu huria bila kudanganyika

Najua wengi mko cafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye pointi. Hii ni makala ya kurejea: iprinti au iweke kwenye flash uisome kwa nafasi.

Kila likizo ikikaribia napata swali lile lile kutoka Mbeya, Dar na hata ng'ambo: "Eti Matema Beach ni salama?" Zamani nilikuwa najibu chap chap, "Salama kabisa mkuu, njooni." Siku hizi sijibu hivyo. Kijana tuliyesoma naye sekondari alizama ziwani Jumapili moja mchana, watu wanacheza mpira mchangani. Baada ya msiba nikakaa kwenye kompyuta kutafuta kama kuna mahali tukio lile limeandikwa. Nilipitia jedwali moja baada ya jingine. Halimo. Kwa mtu anayetutazama kupitia mtandao, siku ile kwetu hakufa mtu.

Tangu hapo nina kanuni moja: sifuri na kimya ni vitu viwili tofauti. Sifuri maana yake mtu alihesabu akakuta hakuna. Kimya maana yake hakuna aliyehesabu. Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

TAKWIMU HURIA NI NINI?
Ni takwimu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipata, kuzitumia na kuzisambaza bila kulipia wala kuandika barua ya kuomba. Kuna za serikali, za mashirika ya kimataifa, na zinazokusanywa na watu wa kawaida wanaojitolea. Kwa safari ya Matema mimi huangalia hizi:

1. MATETEMEKO
Sisi tunakaa ndani ya Bonde la Ufa, na Milima ya Livingstone iliyosimama juu ya Matema ni ukingo wake. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, linaweka matetemeko ya dunia nzima bure mtandaoni. Usitafute kwa jina la nchi, maana tetemeko la ng'ambo ya mto Songwe litaandikwa Malawi wakati nyumba iliyotikisika iko Kyela. Weka duara: latitudo -9.5, longitudo 34.0, kilomita 100. Utakutana na mfululizo wa Karonga wa Desemba 2009, ambapo tetemeko la tarehe 19 lilifika 6.0 na kuua watu upande wa Malawi. Angalizo: vituo vya kupimia viko mbali nasi, kwa hiyo matetemeko madogo, hasa ya chini ya 4, mengi hayaingii kwenye orodha. Kimya hicho.

2. UPEPO NA MVUA
Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inatoa utabiri unaogusa pia maziwa makuu, Nyasa likiwemo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa Mwera unavuma kutoka kusini, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo wimbi linapofika kwetu kaskazini limeshakomaa. Kina cha ziwa kinafika mita 700, na upande wa Livingstone linakuwa refu ghafla, hatua chache tu kutoka ukingoni. Mwezi Aprili na Mei tatizo ni mvua: Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinafurika na barabara za mabondeni zinakatika. Utabiri unaweza kukupa upepo. Haukuambii kama mtumbwi unaoupanda kwenda Ikombe kuona vyungu una jaketi za kujiokolea. Hilo uliza kabla hujaweka mguu ndani.

3. KICHOCHO
Hapa kuna somo kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi Ziwa Nyasa lilisifiwa kwamba halina kichocho, na watalii wakaogelea kwa raha zao. Mwaka 1992 Wamarekani wawili wa kujitolea walioogelea Cape Maclear, upande wa Malawi, waliugua kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu. Ndipo wageni wakaanza kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta takribani theluthi moja ya wageni waliopimwa damu wana dalili za kuambukizwa. Ugonjwa haukuanza siku walipopima. Kilichokuwepo kabla kilikuwa kimya, watu wakakiita sifuri.

Leo Shirika la Afya Duniani lina tovuti ya ESPEN inayoonyesha kichocho hadi ngazi ya wilaya. Kumbuka kwamba mara nyingi wanaopimwa ni watoto wa shule, siyo waogeleaji wa Matema. Ukioga ziwani, wiki sita hadi nane baadaye nenda kapime. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

4. MAMBA
Kuna orodha ya kimataifa ya mashambulizi ya mamba inayoitwa CrocAttack. Ni kazi nzuri, ila sehemu kubwa inategemea habari zilizotoka kwenye vyombo vya habari. Kijiji kisicho na mwandishi kinaonekana hakina mamba! Midomo ya mito yetu iepuke, hata kama ramani haina alama yoyote.

5. HOSPITALI NA NJIA
Wizara ya Afya ina orodha ya vituo vyote vya afya nchini mtandaoni, na OpenStreetMap inaonyesha barabara na njia za miguu. Matema bahati nzuri kuna hospitali ya KKKT hapo hapo. Usiishie kuona alama kwenye ramani. Uliza usiku kuna nani zamu, na gari la wagonjwa lipo au halipo. Namba za dharura ni 112 Polisi na 114 Zimamoto na Uokoaji.

6. AJALI NA UHALIFU
Takwimu za Polisi na za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) mara nyingi zinaishia ngazi ya mkoa. Kyela inamezwa na Mbeya, hivyo ajali ya Uyole na ya Ipinda ziko kapu moja. Halafu kuna mtego: Januari 2016 Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya. Sensa ya 2012 ilihesabu Mbeya nzima watu 2,707,410. Ukitoa wilaya zilizokwenda Songwe, wanabaki 1,708,548. Zaidi ya theluthi ya watu waliondoka kwenye hesabu bila kuhama nyumba. Mtu akikuonyesha ajali za Mbeya "zilishuka" baada ya 2015, muulize kwanza anazungumzia Mbeya ipi.

Na maonyo ya balozi? Marekani tangu 2018 inapanga nchi kwa viwango vinne. Yanasaidia kujua hali ya nchi kwa jumla, lakini ufukwe mmoja wa Kyela huwezi kuupima kwa kiwango cha nchi nzima.

SASA KIMYA TUKIFANYEJE?
Kabla ya kuingia majini, muulize mtu wa BMU au mvuvi: "Mwaka huu amezama nani hapa, na wapi?" Usimuulize "ni salama?", maana atakujibu kwa ukarimu. Swali la pili lina jibu la ukarimu tu, la kwanza lina jibu la kweli.

Pili, tuandike. Mimi nina daftari: tarehe, eneo, alikuwa akifanya nini, upepo ulikuwaje, msaada ulichukua muda gani. Majina siandiki, kwa heshima ya familia na kwa sababu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Pia usiite daftari lako "takwimu za Kyela". Mwaka 2018 Bunge lilibana Sheria ya Takwimu kiasi cha kumtisha mtu yeyote mwenye hesabu zake, na ingawa ililegezwa 2019, sema tu ukweli: haya ni matukio tuliyoyasikia na kuyahakiki.

Kuna wanaoniambia naharibu biashara, watalii watakimbia. Mimi mwenyewe huwa napata hela ya vocha kwa kupeleka wageni Matema, kwa hiyo siombei ife. Lakini mgeni aliyeambiwa "usivuke pale, kina kinashuka" atarudi mwakani na wenzake. Na kijana wetu angeambiwa hivyo, labda tungekuwa naye leo.

Mliopo Itungi, Ipinda, Lyulilo, hata Mbamba Bay: mnajua nini kuhusu fukwe zenu? Tumwagieni hapo chini, tarehe na mahali, bila majina.

Naomba kuwasilisha.