Namba Aliyoivunja Bwana Cole

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuwasimulia habari za namba moja ambayo ilikaa miaka 259 kabla siri yake haijafunuliwa.

Twaeni punje moja ya mtama. Ifanyeni mbili, na hizo mbili zifanyeni nne, na nne ziwe nane, mwendelee hivyo hivyo hata mtimize mara 67, kisha mwondoe punje moja. Mtapata 147,573,952,589,676,412,927. Ghala zote za dunia hazitoshi kuzihifadhi.

Mkikomea mara 2 mtapata 3; mara 3, ni 7; mara 5, ni 31; mara 7, ni 127. Zote hizi ni namba tasa, maana hakuna izigawanyayo bila baki ila 1 na yenyewe. Lakini mara 11 hutoa 2,047, nayo ni 23 mara 89. Basi kila moja yapasa ichunguzwe peke yake.

Mwaka 1644 mtawa wa Paris, Marin Mersenne, alichapa orodha ya zile alizoziona kuwa tasa, na hii ya mara 67 ilikuwamo. Uthibitisho hakutoa. Lakini alikuwa mtu wa elimu, aliyeandikiana barua na wataalamu wa Ulaya, na neno lake likakaa. (Sisi tufundishao hesabu tunawajua wanafunzi waandikao jawabu pasipo kuonyesha njia.)

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba ile si tasa. Ajabu ni kwamba hakuweza kutaja hata kigawanyo kimoja! Alikuwa kama mtu ajuaye hakika kuwa mtungi umetoboka, kwa kuwa maji yapungua, wala tundu lenyewe halioni.

Tarehe 31 Oktoba 1903, wenye hesabu wa Marekani walikutana New York. Yasimuliwa kwamba Bwana Frank Nelson Cole alipoitwa alikwenda ubaoni kimya, akaikokotoa namba yetu kwa chaki, akaondoa moja. Kisha upande wa pili akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha tarakimu kwa tarakimu. Majawabu mawili yakalingana. Akarudi kuketi bila kusema neno, na watu wakapiga makofi.

Ninyi wanafunzi, jaribuni mwisho wake tu: zidisheni 721 kwa 287, mtapata 206,927, na namba yetu yaishia kwa 927. Tena kigawanyo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, hubakisha 1. Kwa hiyo mtafutaji halazimiki kujaribu kila namba. Lakini hata zilizosalia ni nyingi mno kwa mtu mwenye kalamu na karatasi tu. Kompyuta ya siku hizi huvipata vigawanyo hivyo mara moja.

Cole hakuwa nayo. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, yasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.