Diploma ya nje, mikono ile ile

Leo zamu yangu ya historia naleta ya wauguzi, kwa sababu ya mama mmoja jirani yetu hapa Kinama, Muyinga. Alisomea uuguzi kwetu Congo, akapata diploma ya A2. Kambi ilifunguliwa 2002, na yeye ana miaka mingi humu akiuza ndagala. Siku moja alienda mahali fulani kuomba staji tu, hata bila mshahara. Wakamwambia diploma yake ni ya nje, aanze mwaka wa kwanza. Ana watoto watano, atawaacha na nani?

Sasa turudi nyuma kidogo. Wakati wa Wabelgiji, Rwanda na Burundi zilitawaliwa pamoja, zikiitwa Ruanda-Urundi. Shule kubwa ilikuwa Astrida, ndo Butare, iliyoanzishwa 1929. Kijana wa Gitega (walikuwa wanaandika Kitega) akitaka kuwa msaidizi wa daktari, alienda kusomea kule. Tarehe 1 Julai 1962 kila nchi ikapata uhuru wake. Kumbe siku hiyo cheti cha Astrida kikawa cha nje kwa Mrundi, na hakuna hata herufi moja iliyobadilika juu yake.

Ya Congo ni kubwa zaidi. 1960 tunapata uhuru, hatukuwa na daktari Mkongomani. Tulikuwa na wasaidizi wa matibabu, watu waliozeekea wodini. Shirika la Afya Duniani likatuma makumi yao Ufaransa wakamalizie udaktari. Hawakurudishwa mwanzo. Walichojua kilihesabiwa, wakaongezewa kilichopungua, na miaka michache baadaye walianza kurudi wakiwa madaktari.

Mimi hapo ndo naona njia. Kutafuta mshipa wa mtoto aliyekauka maji, huwezi kuupima kwa karatasi. Lazima mtu asimame pembeni akuangalie. Na tusidanganyane, kuna vitu vigeni kweli: fomu za hapa, utaratibu wa hapa, na zaidi Kirundi. Mama wa kijijini Muyinga akishikwa na uchungu usiku hatakutafutia Kiswahili. Kwa hiyo sisemi jirani yetu apewe wodi kesho. Apewe miezi kadhaa chini ya muuguzi mzoefu, iandikwe anachoweza na asichoweza. Kule Kibuye, Gitega, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Hope Africa wanafundishwa hivyo, pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Kwa nini aliyekwisha kusoma akose nafasi hiyo?

Kazi yenyewe ipo. Tangu Mei 2006 Burundi iliondoa malipo kwa kujifungua na kwa watoto wasiofika miaka 5, na wagonjwa wakaongezeka sana.

Kuna wanaosema tudai kwa sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Burundi iliuingia 1963, unataja wenye diploma kwenye kifungu cha 19. Lakini kisomeni vizuri: ni diploma inayotambuliwa na wakubwa wa nchi ile. Tunarudi pale pale.

Juzi mama alinionyesha makaratasi yake. Diploma imechanika kona. Daftari la staji ni zima, kila sindano na kila uzazi una tarehe na sahihi ya aliyemsimamia. Nikamuuliza, siku ile walilisoma? Akasema hawakulifungua.