Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

Kaskazi mbili mfululizo nililipa kujaziwa gesi kiyoyozi changu hapa Mombasa. Fundi wa tatu ndiye aliyeniambia ukweli: gesi hii haitumiki ikaisha kama ya jikoni, ikipungua, imevuja. Na chumvi ya bahari hula mabomba.

Alipaka povu la sabuni kwenye maungio, mapovu yakafura. Akaitoa gesi iliyobaki kwenye mtungi mtupu, akaziba, akavuta hewa na unyevu kwa pampu. Ndipo akatia R410A kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye mashine ya nje. Mtungi kaupindua itoke ikiwa maji, maana ni mchanganyiko wa gesi mbili. Yako ikiwa R32, moto uwe mbali, hiyo huwaka.

Fundi asiye na pampu wala mizani, msimfungulie.